Mkasi wa Kijapani

Jirani yangu wa ghorofa ya nne, hapa Umoja, Nairobi, anafuga mugumo wa bonsai, mfupi kuliko chupa ya soda. Mti ambao wazee wa Kikuyu walisali chini yake, yeye anausalia kwa juu.

Kuukata, mkasi wa kawaida ni haramu. Ameagiza wa Japani, ukaja umelazwa kwenye kitambaa laini kuliko shuka zangu. Nilimwambia ashuke Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaofua visu kwa springi za magari makuukuu. Chuma kilichobeba lori kitashindwaje na kijitawi? Akanitazama kama niliyemshauri daktari apasue kwa panga.

Haki yake nampa: mkasi wa bei ya kutupa hupata kutu ukilala na unyevu, na ukiwa butu husaga tawi badala ya kulikata. Ila jiwe la kunoa hana.

Jumamosi aliniita nishuhudie. Akaupaka mkasi mafuta, taratibu, akauinua kwenye mwanga. Mugumo ulibaki na majani matatu, makavu.

“Maji hayajaja tangu Jumanne, jirani. Si unajua Eastlands.”

Chini langoni, mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji alikuwa anapiga kelele kuwaita wateja.