Pongezi kwa Kuziua Pikapu Zikiwa Hai

Kwa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani,
Washington, D.C.

YAH: MPANGO WA KUTOA GARI KUUKUU NA KUCHUKUA JIPYA, 2009

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Pongezi hizi zimechelewa, na Wizara inaombwa iwe na subira. Yenyewe haikuchelewa. Bunge lilitenga dola bilioni 1 zitoshe hadi Novemba 2009. Zikaisha ndani ya siku chache za Julai. Zikaongezwa bilioni 2, na kufikia tarehe 24 Agosti hesabu ilifungwa, karibu magari 700,000 yakiwa yameshabadilishwa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwenye gari linalokunywa mafuta mengi alilipeleka kwa muuzaji, akachagua jipya, na serikali ikamlipia dola 3,500 au 4,500 za bei yake. Chrysler ilikuwa imeomba ulinzi wa mufilisi mwishoni mwa Aprili, General Motors ikafuata Juni, kwa hiyo viwanda vilihitaji wanunuzi na anga ilihitaji moshi upungue. Ruzuku moja ingetibu yote mawili.

Pongezi ya kwanza ni kwa masharti ya afya. Gari la kuuawa lilipaswa kuwa na umri usiozidi miaka 25, litembee lenyewe, liwe na bima, na liwe limesajiliwa kwa mmiliki huyohuyo mwaka mzima. Gari bovu lililolala uani halikupokelewa. Wizara ilitaka marehemu afike kwa miguu yake.

Mauaji yenyewe yalikuwa na mwongozo. Fundi alimwaga oili yote, akamimina karibu lita 2 za mchanganyiko wa sodiamu siliketi, yaani maji ya kioo, kisha akawasha injini kwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Maji yakikauka kwa joto, siliketi hubaki kwenye beringi na kuzing'ang'ania mpaka mashine ikwame, kwa kawaida ndani ya dakika saba. Injini ikipoa na kuwaka tena, mwongozo uliagiza iendeshwe upya mpaka ikome. Taa, viti na milango viliruhusiwa kuuzwa. Giaboksi iliuzwa baada ya kutenganishwa na mfumo wote wa kuendeshea. Injini, kamwe. Kilichobaki kilipondwa ndani ya siku 180. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ambao huagiza injini iliyotumika na kuipandikiza kwenye gari jingine likaendelea na safari, wangeomba wasomewe agizo hilo mara mbili.

Pongezi ya pili ni kwa moyo wa huruma kwa pikapu. Mwenye gari dogo la saluni hakupata senti mpaka jipya lizidi la zamani kwa maili 4 kwa kila galoni. Mwenye pikapu kubwa alitakiwa kuongeza maili 1 tu ili apate dola 3,500, na maili 2 ili apate 4,500. Malori mazito ya kazi ya mwaka 2001 kurudi nyuma hayakuulizwa habari ya mafuta hata kidogo.

Wananchi walielewa haraka. Novemba 2009 shirika la habari la Associated Press lilichambua kumbukumbu za Wizara na kukuta kwamba badiliko lililofanyika mara nyingi kuliko yote, zaidi ya mara 8,200, lilikuwa la mtu kutoa Ford F-150 kuukuu na kuondoka na Ford F-150 mpya.

Hesabu yake inapendeza. Pikapu iliyopanda kutoka maili 14 hadi 15 kwa galoni, ikitembea maili 12,000 kwa mwaka, huokoa galoni 57 hivi. Kwa bei ya wakati ule, kama dola 2.60 kwa galoni, ni dola 150 kwa mwaka. Dola 3,500 za mlipa kodi zinarudi baada ya miaka 23 na ushee.

Haki nayo itendeke. Asilimia 84 ya waliokuja walitoa pikapu, SUV na mabasi madogo. Asilimia 59 ya magari mapya yalikuwa madogo ya abiria. Na wastani wa mafuta ulipanda kutoka maili 15.8 hadi 24.9 kwa galoni. Lakini wachumi Atif Mian na Amir Sufi walipofuatilia mauzo hayo, waliona kwamba karibu ongezeko lote lilikopwa kwenye miezi iliyofuata: waliokuwa wanunue baadaye walinunua Julai na Agosti.

Aliyesahauliwa hakuwa kwenye fomu. Katika biashara ya kawaida muuzaji huizunguka pikapu kuukuu, hukwaruza kutu, husonya, hutaja bei ya kuudhi, kisha huipeleka mnadani. Huko hununuliwa na mkata majani au fundi rangi mwenye dola 2,000 mfukoni. Ruzuku haikuongezwa juu ya thamani ya gari la zamani, ilichukua nafasi yake. Kwa hiyo mwenye pikapu ya dola 8,000 alibaki nayo, na zilizokwenda kunyweshwa maji ya kioo ndizo hasa zile ambazo mtu wa kipato cha chini angeweza kuzinunua. Muuzaji alilindwa hata kwa dola 50 za gharama za ofisi. Mkata majani hakutengewa safu.

Huenda Wizara itajitetea kwa kisa cha Texas City. Mwaka 2013 fundi bomba wa mji huo alitoa Ford F-250 yake alipochukua gari jipya, jina na simu ya kampuni yake vikiwa bado mlangoni. Pikapu ikapigwa mnada, ikasafirishwa hadi Uturuki, na Desemba 2014 ikaonekana pichani nchini Syria, wapiganaji wakifyatua mzinga kutoka nyuma yake. Fundi akapokea simu za matusi kwa mamia. Kweli, ingeuawa Texas isingefika vitani. Lakini kubandua stika mlangoni ni kazi ya dakika tano, na haihitaji kemikali.

Kwa hiyo yanaombwa mambo matatu. Mpango ujao uwe na safu ya mnunuzi wa gari kuukuu. Maili moja ilipwe kama maili moja. Na mwongozo wa maji ya kioo usitumwe Nairobi, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, wala Kampala, ambako ukomo ni 15. Ofisi za huko zina bidii ya kutosha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi

Nakala:
Mafundi wa Gerezani, kwa taarifa.
Mkata majani, kituo cha basi, Houston, kwa hatua atakazoweza.