Risala ya Kumpongeza Haisomi

Mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wa Somanda, mafundi wenye bisibisi na mafundi wenye maneno matupu, wateja mliopanga foleni tangu asubuhi, na ninyi mliokata tamaa mkapanda bodaboda kurudi Dutwa: itifaki imezingatiwa.

Mkoa wetu wa Simiyu hauna uchoyo wa pongezi. Nane Nane pale Nyakabindi tumepigia makofi pamba, alizeti, na dume la ng'ombe lililonona mpaka kutembea likawa linafikiria kwanza. Enzi za kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja, Maswa ilisifiwa kwa chaki na Meatu kwa maziwa. Sisi wa vibanda vya steshenari mjini Bariadi tunayo bidhaa yetu isiyopungua masika wala kiangazi, na haijawahi kupewa hata cheti cha ushiriki. Ni Haisomi. Printa haisomi. Mausi haisomi. Kibodi jana ilikuwa inasoma vizuri tu, leo haisomi. Nimesimama hapa kumsemea.

Haisomi hakuzaliwa na bahati. Zamani CPU ilikuwa dude la kumtoa mtu jasho, na kila kitu kiliingia kwa waya wake: kibodi tundu la zambarau, mausi tundu la kijani. Kitu kisiposoma, ulifuata waya kwa kidole hadi ukafika mahali panya alipotafuna. Kesi imekwisha, panya ana hatia, kazi iendelee. Haisomi angejificha wapi katika mazingira kama hayo?

Mkombozi wake alitokea Marekani. Januari 2005 Steve Jobs alitoa Mac mini, kompyuta ya kushikika kwa kiganja, iliyouzwa bila kioo, bila kibodi, bila mausi. Mnunuzi alitakiwa aje na vyake. Kampuni nyingine nazo zikatengeneza viboksi vyao, na leo vile vilivyostaafu katika ofisi za Ulaya vinashushwa Kariakoo kama mtumba mwingine wowote na kupakiwa kwenye basi la kuja huku. Kiboksi kinafungwa nyuma ya monita, mezani panabaki peupe, mwenye duka anajiona yuko Dubai. Halafu anagundua kwamba ofisi ile ya Ulaya ilikiagiza bila kadi ya Wi-Fi, kwa kuwa kule waya wa intaneti ulikuwa unatoka ukutani. Huku ukutani wanatoka mchwa. Basi ananunua kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, kidude kingine cha mausi, kingine cha kibodi, anaongeza diski ya nje na printa isiyotaka waya. Haisomi akakabidhiwa nyumba yenye samani zote.

Wasiomjua humwita mharibifu. Mimi namwita mwalimu, tena wa fizikia, somo ambalo shule zetu nyingi zinalitafutia mwalimu mwaka hadi mwaka. Nani mwingine amewafanya wauza kalamu wa Bariadi waijue gigahezi 2.4? Wi-Fi ya kawaida, Bluetooth na vile vidude vya mausi vyote vinazungumzia hapo, kwenye masafa ya jiko la maikrowevu, ambayo Marekani iliyafungua mwaka 1985 kwa vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni. Kila aliyetaka kusema akaja kusemea hapo. Msukuma haelezwi hili mara mbili: Bagika na Bagalu wakicheza uwanja mmoja, ngoma zote mbili unazisikia vizuri, ila wimbo hata mmoja huupati.

Wataalamu walijitahidi. Wi-Fi hugawana uwanja huo kwa chaneli, na tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana. Bluetooth ya asili iliamua kutokaa mahali pamoja kabisa: inaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde moja. Wazo la kurukaruka masafa lina hataza ya mwaka 1942 ya mcheza sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliotaka kuongoza topido kwa redio bila adui kuingilia. Jeshi la majini la Marekani halikuitumia katika vita ile. Hata wakubwa, mnaona, mambo mazuri huwa hayawasomi.

Lakini shamba la Haisomi lenye rutuba ni tundu la bluu, lile la USB 3.0. Mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipofanywa mkoa, kampuni ya Intel ilitoa waraka ulioonyesha kwamba data za USB 3.0 zinapokimbia, tundu, kebo na kifaa chenyewe humwaga kelele za redio zinazoangukia papo hapo kwenye gigahezi 2.4. Kwa hiyo mkoa wetu na Haisomi wetu wametambuliwa rasmi mwaka mmoja, ingawa yeye hakupewa mkuu wa mkoa. Katika CPU kubwa kelele hizo zilikuwa na nafasi ya kupotelea. Kwenye kiboksi matundu yamebanana, kidude cha mausi chenye ukubwa wa ukucha kinalala ubavuni mwa kebo ya diski, na vyote viko nyuma ya monita, kati ya bati la kiboksi na bati la kioo. Asiyesikika hapo hana kosa.

Nimemwona akiwa kazini, duka moja karibu na stendi, wiki za mwisho za kuomba mikopo ya elimu ya juu. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwa muuza mahindi. Mbele alikuwa mama mmoja wa Ngulyati mwenye bahasha ya vyeti vya mwanawe, ameikumbatia kwa mikono miwili.

“Mwangaluka, mayu,” kijana wa dukani akamwamkia.

“Mwangaluka. Fomu ya mtoto imeshatoka?”

“Bado, mayu. Mausi haisomi.”

“Haisomi? Imeishia la ngapi?”

Foleni nzima ilicheka, kijana akapiga simu, fundi akaja. Alianza na ibada ya kwanza, kuzima na kuwasha. Ya pili, akatoa betri ya mausi, akaisugua kwenye suruali, akairudisha. Mausi ikasogea kidogo, ikatulia. Ndipo fundi akaacha kuitazama mausi, akatazama watu. Pembeni alikaa kijana mwingine, mteja wa muvi, anawekewa filamu kwenye flashi kutoka diski ya nje. “Ngosha,” fundi akamwambia mwenye duka, “hebu simamisha hizo muvi.” Zikasimamishwa. Mshale ukateleza kwenye kioo mpaka pembeni. “Endelea.” Mshale ukakwama. “Simamisha.” Ukateleza. Akarudia kwa raha zake, kama mtu anayewasha na kuzima taa ya nyumba mpya, hadi mama wa Ngulyati akasema basi mwanangu, tumeona.

Dawa yake ilikuwa kipande cha kebo ya USB ya kuongezea urefu, nusu mita hivi. Alikichomoa kidude cha mausi kule nyuma, akakichomeka kwenye ncha ya kebo, akakileta juu ya meza mbele ya monita, akakifunga kwenye mguu wa monita kwa mpira wa tairi la baiskeli. Diski akaisogeza upande wa pili. Akaondoa na dumu la maji lililokaa kati ya ruta na meza, kwa maelezo kwamba maji hunywa masafa hayo, na kwamba sisi wenyewe tuliojazana pale ni maji tupu; wanne tukaombwa tukasimame nje. Muvi zikaendelea, na mausi nayo ikaendelea. Nakiri fundi alikuwa mzuri, na kwa sababu hiyohiyo simpendekezi kwa tuzo.

Haisomi hakununa. Alihamia kwenye printa. Fomu ikatumwa, printa ikakaa kimya, kioo kikadai printa haipo, wakati ipo, tunaiona, imewasha taa ya kijani. Fundi akaangalia: printa ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ruta ya duka, lakini kiboksi kilikuwa kimeikumbuka hotspoti ya simu ya kijana wa dukani, kikahamia huko chenyewe, na bando la kijana lilikuwa limekwisha tangu jana. Vitu viwili vinakaa meza moja, kila kimoja mtandao wake. Nimeona ndoa za namna hiyo, lakini leo si siku yake.

Na Bluetooth je? Kibanda cha jirani kuna kinyozi mwenye spika kubwa. Siku moja kiboksi kiliungana na spika yake kabla simu ya kinyozi haijawahi. Mwalimu aliyekuja kusikiliza video ya mafunzo aliangalia midomo ikicheza bila sauti, huku upande wa pili mzee mmoja akinyolewa kwa mada ya tathmini ya ujifunzaji. Kufuta majina ya vifaa vya zamani kwenye orodha, kisha kuunganisha upya, ndiyo tiba. Kinyozi anasema wateja wa siku ile walitoka kimya, hakuna aliyelalamikia bei.

Sasa nifike kwenye sifa kuu, ambayo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Katika mkoa mzima hakuna anayebeba lawama za watu kama Haisomi. Karani hajaligusa faili lako tangu Jumatatu: mtandao unasumbua. Namba ya malipo haijatolewa: mtandao unasumbua. Mjumbe hakuonekana kwenye kikao cha simu ambacho hoja yake ya matumizi ilikuwa ya kwanza: alitaka sana kuingia, ila ilikuwa inakata. Mwanafunzi amekumbuka dirisha la maombi usiku wa kulifunga, na asubuhi anamweleza baba yake, “Shikamoo baba, mtandao ulisumbua,” na baba, ambaye naye aliitumia sentensi hiyohiyo jana kwenye kikao cha harusi, anaitikia marahaba kwa upole usio wa kawaida. Haisomi hakatai. Hana wakili, hana kabila, hana chama, haombi kusikilizwa upande wake. Tumemtwisha uzembe wa ofisi nzima, na yeye kosa lake lote lilikuwa kidude kilichochomekwa jirani ya tundu la bluu.

Hebu fikirini siku atakayopona. Kila kitu kinasoma. Mwananchi anafika saa mbili asubuhi, mausi inateleza, printa inaitika, intaneti iko wima. Karani atasema nini? Mjumbe atajificha wapi? Itabidi mtu mwenye jina na cheo aangaliwe usoni na aulizwe kwa nini. Sidhani mji wetu umejiandaa kwa hilo. Chaki za Maswa zenyewe zina hatari hii: chaki haiombi kuunganishwa, haina draiva ya kusasisha, ukiishika inaandika, kwa hiyo mwalimu asipofundisha inajulikana ni mwalimu.

Mgeni rasmi, risala isiyo na maombi ni hotuba tu. Tunaomba barabara ya kwetu ikumbukwe. Hilo halihusiani na mada, ila haliachwi. Tunaomba masomo ya kompyuta yaendelee kufundishwa kwa nadharia, ubaoni, ili vijana wakutane na Haisomi wakiwa wakubwa. Na changamoto tuliyonayo ni watu wachache wenye nia mbaya wanaopita madukani wakishauri mambo ya waya. Wanasema nunueni mausi ya waya. Wanasema vidude vipelekwe kwenye matundu meusi, mbali na diski. Mbaya zaidi, wamegundua kwamba kiboksi, hata kama hakina kadi ya Wi-Fi, nyuma kina tundu la kebo ya intaneti, zima kabisa, halijaguswa tangu lilipotoka Ulaya, na kwamba kutoka hapo hadi kwenye ruta ni mita mbili, tatu ukizunguka mguu wa meza. Kebo moja, na nusu ya utumishi wa Haisomi katika duka lile inakoma mchana huohuo.

Nilimuuliza mwenye duka kama amelisikia hilo. Amelisikia, na kebo anayo, tena nyingi. Zinaning'inia kwenye msumari juu ya kiboksi chenyewe, zimeviringishwa vizuri ndani ya nailoni, bei imeandikwa kwa kalamu ya maka. Nikamwuliza mbona hachomoi mojawapo akaichomeka hapo chini.

“Hizo ni za kuuza, bosi,” akanijibu. “Nikishafungua nailoni, nani atainunua?”