Ukoo wa Sultani

Sultan Hamud, mji wa malori kwenye barabara ya Mombasa, una jina la Hamud bin Muhammad wa Zanzibar. Basi mkazi wa mji huu akikiri kwamba aliuza kiwanja cha nduguye kisirisiri, asijione gwiji wa kukiri: ukoo wa sultani ulimtangulia.

Hamud alikalia kiti mwaka 1896, mizinga ya Waingereza ilipomng'oa binamu yake Khalid kabla saa moja kwisha.

Aliyekiri hasa ni shangazi yake Hamud, Salme. Katika kitabu chake cha 1886 alisimulia alivyokuwa karani wa njama za kaka yake Barghash za kumpindua kaka yao mwingine, Majid. Binti wa sultani, kalamu mkononi! Majid akamsamehe. Barghash, yuleyule aliyefanyiwa ukarani huo, alipokuwa sultani akakataa hata kumwona.