Mtarakwa Uliogeuka Saipresi

Jana alasiri, mbele ya baba mkwe, shemeji zangu wawili na binti yangu wa darasa la nne, niliukumbatia mti mmoja ukingoni mwa msitu wa Eburru, juu ya Ndabibi, nikautangaza kwa sauti ya khatibu kuwa ni mtarakwa wa tangu enzi za mababu. Na hata niandikapo haya, utomvu wake haujanitoka kotini.

Asili ya fedheha hiyo ni kitabu cha miti ya milima ya Ulaya nilichokihifadhi kwa moyo, kifundishacho kwamba mti wa sprusi hutambulikana kwa kulifikicha jani lake baina ya vidole viwili, kwani sindano yake, yenye pembe nne, hubingirika kama njiti ya kiberiti, ilhali ya firi, iliyo bapa, hukataa katakata. Maarifa matamu hayo, na ya kweli. Walakini sprusi haujiotei popote Afrika Mashariki. Nilifikicha. Kilichobingirika ni macho ya shemeji zangu.

“Baba, hii ni saipresi,” alisema binti yangu, akaniwekea koni kiganjani.

Ama saipresi, ambao jina lake la kitaalamu laufanya Mreno ijapokuwa kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, huzaa koni za mviringo, ngumu kama ubao, zenye magamba yaachanayo zikikauka. Bali mtarakwa huzaa kitunda kidogo cha buluu kilichojipaka unga mweupe, nacho hakionekani ila kwenye mti wa kike, kwa kuwa aghalabu dume na jike husimama kila mmoja peke yake, hata apitaye penye madume matupu hana budi kuliangalia gome, linavyochunika kwa nyuzi ndefu, nyembamba. Laiti ningaliinua uso!

Mpodo nilioupa jina la mwembe, hayo tuyaache.

Linalonichoma kwa dhati ni zile nguzo arubaini za ua, nilizouziwa kuwa mtarakwa usioliwa na mchwa, zimepakwa oili chafu mpaka harufu ya mti ikafa. Mvua za pili hazijaisha, ua ulilala. Muuzaji alizijua tofauti zote hizi bila kitabu, akazitumia kunila; mimi shuleni nilifundishwa kuchora miti ya theluji, na mlima huu naukabili dirishani.

Baba mkwe ameiweka ile koni juu ya redio. Asubuhi hii, akinimiminia chai, aliuliza kama naijua.