Jinsi ya Kuwa Mtakatifu Kitale Bila Kuuguza Moyo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hanywi, havuti, hana mke wa pili, na zaka yake huingia kwa M-Pesa mapema kila mwezi. Watu wa aina hii hawatafutwi kwa tochi. Panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma Jumapili asubuhi, pitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, na utawaona wamejaa viti vyote, Biblia mapajani. Ni watu wangu, nawapenda, na ndiyo sababu nawaandikia. Nitawaelekeza namna ya kuishi na dhambi miaka hamsini bila mzee wa kanisa hata mmoja kubisha mlango. Nikifika mahali ambapo kejeli haifai, nitaiweka chini.

Anza kwa kuchagua dhambi zinazohesabika. Hili ni la msingi, na historia ya huku itakusaidia. Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikapanda kaskazini hadi Lugulu. Pamoja na wamisheni wengine walifundisha watu kusoma, kutibu na kuomba, na baraka hiyo tunaila hadi leo. Ila muumini mpya alipimwa kwa alama za nje: ameacha busaa? Ameacha tumbaku? Ana wake wangapi? Elijah Masinde wa Kimilili, kijana aliyesifika kwa soka, alisimamishwa ushirika na Marafiki baada ya kuoa mke wa pili. Baadaye akaongoza Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948.

Mimi nashikilia mke mmoja, na sina ugomvi na kanisa kufundisha hivyo. Lakini miaka hiyo hiyo Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi, na wenyeji waliishi humo kama vibarua na maskwota kwenye ardhi ambayo ng'ombe wa babu zao walikuwa wakilishwa. Walowezi nao walikuwa na makanisa na viti vyao vya mbele. Sijasikia hata mmoja aliyesimamishwa meza ya Bwana kwa kumdharau mtu aliyemkamulia maziwa. Wake wanahesabika, dharau haihesabiki. Kwa hiyo ukitaka usalama, jiunge na dhambi zisizo na daftari.

Sasa twende sokoni. Unajua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia mahindi. Mwizi mchanga huubonyeza tako hadi likaingia ndani, na kila mkebe unabaki na viganja kadhaa vya mnunuzi. Usifanye hivyo. Ni aibu, na akina mama wa Chwele wanautambua mkebe wa namna hiyo kabla hujauweka chini. Wewe uwe na gorogoro safi, na ikiwezekana nunua mizani. Halafu ngoja mwezi wa kumi.

Mwezi wa kumi mahindi yamekauka nusu, mvua bado inatishia, na mjane mmoja huko Kwanza ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Ghala la serikali halitayapokea mahindi yake, kwa maana wanataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, naye hana turubai wala uwanja wa kuanikia. Wewe fika na lori. Msalimie kwa jina la Yesu. Taja bei yako, kisha tazama juu kule Elgon jinsi mawingu yanavyojikusanya, na usiseme neno lolote. Atakubali. Mizani yako ni sahihi hadi gramu ya mwisho, umemlipa taslimu, umemwombea na familia yake. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza mtu kuyafurahia mawingu.

Hapo kwenye ile furaha ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko Yesu alikokwenda. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, anachukua amri ambazo kila msikilizaji wake alijua ameshazishika, kama kutoua na kutozini, na kuzifuatilia hadi chimbuko lake: hasira iliyofugwa, jicho lililokaa pale lilipokaa kwa makusudi. Katika Marko sura ya 7, wakubwa wa dini wanalalamika kwamba wanafunzi wake wamekula bila kunawa kidesturi, naye anajibu kwamba chakula hupita tumboni na kwenda zake, ila uuaji, tamaa, kijicho na kiburi hutokea ndani ya mtu. Mkulima wa Kitale hahitaji mwanatheolojia amweleze jambo hili. Fukusi jike hutoboa punje ya mahindi, hutaga yai humo, kisha huliziba tundu; punje inaonekana nzima, inang'aa, inapita mkononi mwa mnunuzi, na ndani yake kuna mdomo unakula.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu chake cha maungamo kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Alikuwa na mambo makubwa ya kuungama, lakini alitumia kurasa nyingi kwa jambo ambalo wengi wetu tungelicheka: akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku. Hawakuwa na njaa. Mapeasi yenyewe hayakuwa mazuri, na mengi waliwatupia nguruwe. Kilichomtesa miaka mingi baadaye ni kwamba alilipenda kosa lenyewe. Alitafuta sababu ya nje akaikosa. Kila alipochimba alikuta ni yeye. Yule mwenye lori wa Kwanza naye, akijiuliza kwa unyofu, atagundua kwamba faida angeipata hata kwa bei ya haki. Kilichomnogea ni kumwona mtu mwingine akikosa njia.

Kutoka sokoni tuingie kwenye simu. Kikundi cha maombi cha WhatsApp ni chombo cha thamani ukikitumia kwa uangalifu. Usiseme kamwe kwamba unamsengenya mtu. Andika: Wapendwa, tumbebe dada yetu kwa maombi, ameonekana Bungoma mjini na mtu, tusiseme mengi. Hayo maneno mawili ya mwisho yana nguvu kuliko ukurasa mzima wa matusi. Ndani ya nusu saa utakuwa umepigiwa simu na watu ambao hawajakupigia tangu mazishi ya mwisho, kila mmoja akitaka kujua namna ya kuomba kwa usahihi. Dada mwenyewe yumo katika kikundi hicho hicho. Ataona, atanyamaza, Jumapili ataketi karibu na mlango, na kufikia Pasaka atakuwa amehama kanisa. Ndipo utaandika tena kwamba amerudi nyuma, tumwombee.

Nimeona hili likitendeka, nami husononeka nikilikumbuka. Mtu anaweza kuacha pombe kwa sababu ini linauma, au uzinzi kwa sababu miguu imechoka. Ile raha ya kumjua mwenzako ameanguka haichoshi mwili, na mzee wa miaka 80 anaweza kuwa nayo mbichi kama ya kijana.

Sasa ungamo. Itafika siku Roho atakusumbua, pengine kwenye mkutano wa injili, na itabidi useme kitu. Usiogope. Simama, msifu Bwana, kisha sema kwamba kama kuna mtu yeyote uliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, akusamehe. Kaa chini. Watasema amina. Uzuri wa sentensi hiyo ni kwamba haina mtu ndani yake. Haina mjane, haina dada wa karibu na mlango, wala huyo uliyemkosea hana nafasi ya kusimama na kuuliza swali.

Mababu zetu hawakuruhusiwa kuponyoka hivyo kwa urahisi. Mwaka 1927 pale Kaimosi, mmisionari Arthur Chilson alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, na watu wakaanza kuungama hadharani huku wakilia. Viongozi wa misheni waliogopa vurugu hiyo na kuizuia. Waliokataa kuzuiwa walitengwa, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho, yale ambayo waumini wake unawaona hadi leo wakipita barabarani na mavazi meupe yenye msalaba mwekundu. Muongo uliofuata, uamsho uliotoka Gahini nchini Rwanda ulipita Uganda hadi Kenya, na wafuasi wake wakawa na desturi ya kuitaja dhambi katika ushirika na kumrudishia mtu mali yake. Kulikuwa na kupita mipaka, nakubali. Wapo walioaibisha wenzao kwa ungamo lisilowahusu wasikilizaji. Hata hivyo walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: dhambi isiyo na jina la mtu haijatoka bado.

Kejeli naiweka chini hapa, kwa sababu tunafika Mlima Elgon.

Kaunti ya Bungoma inapanda hadi huko juu, Cheptais na Kopsiro. Mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971, uliacha mgogoro wa nani apewe ardhi na nani aondolewe. Wanasiasa waliuchochea. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force liliua mamia ya watu, likawakata wengine masikio, na makumi ya maelfu wakakimbia. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na jeshi nalo likashutumiwa kwa kutesa na kwa wanaume waliochukuliwa na hawakuonekana tena. Mlima ule haukukosa makanisa. Wala wale vijana hawakuamka asubuhi moja wakiwa wauaji. Kabla ya bunduki palikuwa na maneno ya jioni kando ya moto, kwamba hawa jirani si watu wa hapa, na mtu aliyesema hivyo Jumamosi aliimba kwaya Jumapili bila kuulizwa. Kwenye orodha ya dhambi zetu alikuwa msafi kabisa.

Na hapa naomba nieleweke. Asitumie mtu yeyote mahubiri ya moyo kumnyamazisha aliyenyang'anywa shamba. Nimesikia wahubiri wakimwambia mnyonge ashughulikie uchungu wake huku mnyang'anyi akikaribishwa chai ofisini. Injili ya Luka, sura ya 19, inamwonyesha Zakayo akiguswa ndani, na jambo la kwanza linalotokea ni hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Moyo ukipona, mfuko nao unafunguka, na hati miliki zinatoka kabatini. Mwaka 2024, kashfa ya mbolea feki ya ruzuku ilipowafikia wakulima wetu, tulitaka watu washtakiwe, na tulikuwa na haki ya kutaka. Ila hakuna mahakama itakayomzuia mtu mwingine kesho kujaza gunia udongo, kama mkulima machoni pake si mtu.

Basi ufanyeje ukigundua kwamba mwongozo huu umekuwa ukiufuata bila kuusoma? Habari ngumu ni kwamba huwezi kuusafisha moyo kwa kuukazania. Daudi, baada ya kumchukua Bathsheba na kupanga kifo cha mume wake Uria, alipofunguliwa macho na nabii Nathani hakuahidi kujirekebisha. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaifungamanisha na siku hiyo, ni ombi la kuumbiwa moyo mpya na Mungu mwenyewe. Imani ya Kikristo inasimama hapo: kinachotakiwa hatuna, na aliye nacho anakitoa bure kwa anayekubali kwamba hana. Naiamini kwa moyo wote. Bila hiyo ningekwambia tu uendelee kununua mizani bora.

Marafiki walionyesha kwa vitendo namna ya kuanza. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, walikutana Kakamega, na kutoka hapo wakaunda vikundi vya amani. Warsha za uponyaji wa majeraha ya vita, zilizobuniwa Rwanda na Burundi, zililetwa hadi Mlima Elgon: siku tatu, watu wa pande mbili katika chumba kimoja, wakisimuliana walichopoteza. Hawakuanza na suala la nani ana makosa. Walianza na huzuni, na mtu akishasikia huzuni ya jirani yake anapata taabu kuendelea kumwita mgeni.

Kwako wewe wa Kitale, anza padogo. Yesu alisema ukiwa madhabahuni na sadaka mkononi, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, ukapatane naye kwanza. Kwa hiyo Jumapili hii bahasha mwachie mhasibu wa kanisa, tafuta bodaboda uende Kwanza. Piga hesabu njiani: gunia ngapi za kilo 90, bei ya haki wiki ile ilikuwa ngapi, ulilipa ngapi. Mjane akikuuliza umekuja kufanya nini siku ya ibada, usianze na maombi. Mwambie, mama, mwezi wa kumi nilikuonea, kisha taja kiasi. Akikataa kukutazama, usimhimize. Akikukaripia, msikilize hadi amalize. Pesa uwe nazo mkononi, zote, maana karo ya muhula ujao haingoji machozi yako.