Kijana, Usikurupuke

Kijana wa Kenya asilie kwamba hana chaguo. Anayo matatu: Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji. Hilo si jambo la kukurupukia. Jiulize: moyo wako uko Mtongwe kwenye manowari, au Nanyuki ndege zinakonguruma?

Mahali pazuri pa kuyawaza haya ni kwenye uwanja wa usajili wa jeshi asubuhi na mapema, ukiwa peku, kaptula kiunoni, vyeti mkononi, nyuma ya umati wa wenzako wanaowaza vivyo hivyo. Masharti yenyewe ni mepesi: alama ya D katika KCSE, kimo cha mita 1.60. Mwenye shahada ya uhandisi asijione amepitiliza, maana atafunguliwa kinywa ahesabiwe meno sawa na wengine. Wala hataulizwa kama anapenda bahari. Mapenzi ya bahari, inaonekana, husomeka kwenye magego.

Na wazazi wetu, jamani, ni washauri wa ajabu! Baba ambaye hakuwahi kuuliza mwanawe anasomea nini, siku za usajili huuza fahali wawili na kipande cha shamba ili kijana afikirie vizuri zaidi. Kwingine serikali hulazimisha watu kuingia jeshini. Kwetu uzalendo umevuka kiwango hicho.

Wenye wivu hunong'ona. Wapuuzeni. Kila msimu wa usajili hutangazwa kwamba huduma hiyo ni bure kabisa, na ni kweli tupu: nani amewahi kuonyesha risiti?