Sikio la Kitinda Mimba

Harufu ile aliigundua dada mkubwa Jumapili moja jioni, akimsuka kitinda mimba wetu barazani. Alikuwa amemlaza kichwa mapajani, anagawa nywele nyuma ya sikio la kulia, mara kitana kikasimama. "Mama, hebu njoo unuse hapa." Mama akaacha cherehani, akainama, akanusa. Ilikuwa harufu ya maji ya maharage yaliyolala sufuriani yakachacha. Mtoto mwenyewe, wa miaka 4, alisema haumwi popote, akaomba amaliziwe mistari yake akacheze.

Mtaani kwetu Ilomba nyumba zimebanana, na shida ya mtoto ni ya mtaa mzima. Kabla kichwa hakijaisha kusukwa, dawa zilishapangwa foleni. Bibi alitaka mafuta ya alizeti yapashwe kidogo, yadondoshwe kwa unyoya wa kuku. Jirani mwenye mtoto mchanga alijitolea kukamua maziwa yake, matone mawili yanatosha. Mama mdogo alileta kopo la vijiti vya pamba. Mjomba, ambaye ni fundi pikipiki kwenye barabara kuu ya Tunduma, alisema dawa ni mafuta ya taa. Hilo mama alilikataa palepale, na alifanya vyema, maana mafuta ya taa huunguza ngozi laini ya ndani ya sikio. Katika mengine yote walikuwa kitu kimoja: mtoto amejaa nta, nta imeoza, itolewe.

Wote walimpenda yule mtoto. Kosa lilikuwa katika kuamini kwamba nta ni takataka.

Nta hutengenezwa na mwili kwa makusudi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na tezi za nta zimekaa sehemu ya nje tu, palipo na vinyweleo. Ni tezi za aina mbili, za mafuta na za jasho, na hizo za jasho ni ndugu wa zile za kwapani. Majimaji ya tezi hizo yanachanganyika na ngozi iliyokufa, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nta yote. Mafuta ya nta huzuia maji yasiloweshe ngozi. Uasidi wake mdogo, pamoja na viambato vingine, huwapunguza nguvu bakteria na kuvu. Vumbi la kiangazi linalotimuliwa na malori hapa kwetu linanasia humo kabla halijafika kwenye ngoma ya sikio, na mdudu vilevile.

Halafu sikio linajisafisha lenyewe. Ngozi yake huota ndani, kwenye ngoma, na kusogea kuelekea nje taratibu, kwa mwendo unaokaribiana na wa kucha inavyokua. Inatoka na nta mgongoni. Kila tunapotafuna na kuongea, taya linaisaidia kutoka. Ukiingiza kijiti, unairudisha safari yake nyuma: nta kidogo inabaki kwenye pamba, ukaridhika, nyingine inashindiliwa ndani. Ndiyo maana pakiti nyingi za vijiti hivyo zimeandikwa onyo kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio.

Kuhusu harufu, nta yetu ina yake kidogo, na haina ubaya. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo ABCC11 ndilo linaloamua kama nta ya mtu itakuwa ya majimaji au kavu. Wachina, Wajapani na Wakorea wengi wana nta kavu, ya vipande vyepesi vya kijivu. Sisi Waafrika, kama Wazungu, wengi wetu tuna nta ya majimaji, ya kunata, ya rangi ya asali hadi kahawia. Jeni hiyohiyo inahusika na harufu ya kwapa: tezi hutoa vitu vyenye mafuta, bakteria wa ngozini wanavivunjavunja, harufu inatokea. Lakini hiyo ni hafifu, hadi usogeze pua karibu sana. Harufu inayomfikia msusi kabla hajainama inasema jambo jingine: maambukizi, kuvu, usaha wa nyuma ya ngoma iliyotoboka, au kitu kilichonasa ndani. Na harufu ikitoka sikio moja tu la mtoto mdogo, hicho kitu kilichonasa ndicho cha kufikiriwa mapema.

Nyumbani hilo halikufikiriwa. Mama mdogo alizungusha kijiti, kikatoka na ute wa njano, akasema, "Mnaona? Unatoka." Kesho yake mjomba akaja na bomba la sindano lisilo na sindano, akalijaza maji ya uvuguvugu. Mtoto alishikwa, maji yakasukumwa, yakarudi na harufu ileile. Usiku ule ndipo kilio kilipoanza. Alilia ameshika sikio, hataki mto, hataki mgongo wa mama. Kulipopambazuka mama alimfunga kitenge juu ya sweta, Bibi naye akatwaa fimbo yake, maana hakuwa tayari kubaki, tukapanda bajaji kwenda kwa daktari.

"Shikamoo Bibi," daktari alisema. Bibi hakusikia. Mama akamrudishia kwa sauti kubwa, ndipo akaitika marahaba. Daktari alimkalisha mtoto mapajani kwa mama, mkono mmoja wa mama ukikibana kichwa kifuani pake, mwingine ukikumbatia mikono yote miwili. Alivuta sikio nyuma kidogo, akachungulia kwa kifaa chenye taa na lenzi. Akauliza, "Nyumbani mmepukuchua maharage hivi karibuni?"

Tulikuwa tumepukuchua. Mavuno ya shamba la Bibi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai, na mtoto alishinda anachezea humo. Daktari alichukua kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda, akakipitisha kando, akalivuta kwa nyuma. Likatoka harage limevimba, ganda limepasuka, limevikwa ute na usaha, na chumba kizima kikanuka.

Kisha akatueleza, naye hakumkaripia mtu. Mbegu ikikaa kwenye unyevu inaoza, na ngozi inayoizunguka inaambukizwa. Kijiti kiliisukuma ndani zaidi. Maji yaliifanya ivimbe ikabana tundu, maumivu yakaja. Mbegu na nafaka hazisukumwi kwa maji. Kwa bahati njema ngoma ya sikio ilikuwa nzima. Kama ingekuwa imetoboka, maji yale yangepenya hadi sikio la kati. Akaandika dawa ya matone, akaagiza sikio lisiingie maji hadi lipone.

Kabla hatujainuka, alimgeukia Bibi. Kutosikia kwake tulisema miaka mingi ni uzee, tukazoea kumpigia kelele. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta nyeusi, kavu. Mtu akizeeka tezi zake hupungua nguvu, nta inakauka na kutoka kwa shida, na unyoya wa kuku aliozoea kujisafishia ulikuwa umeishindilia. Alipewa matone ya kuilainisha kwa siku kadhaa, kisha akaoshwa kwa maji yenye joto la mwili, kwa kuwa ya baridi au ya moto huleta kizunguzungu. Bibi aliyekuwa akijibu maswali ambayo hakuulizwa alirudi katika mazungumzo ya nyumba.

Wako wengi kama hawa wawili. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule wa mjini na vijijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 1996, ulikuta nta iliyoziba kwa wengi, na masikio yanayotoa usaha kwa watoto wa vijijini zaidi. Sikio linalotoa usaha likiachwa mwaka baada ya mwaka huondoka na usikivu wa mtoto, na masomo yake pia.

Kwa hiyo kwetu sasa nta inaachwa ifanye kazi yake. Sikio linafutwa kwa ncha ya kitambaa, sehemu ya nje tu. Vijiti vya pamba mama anaondolea vumbi la nyuzi kwenye cherehani. Harufu kali, usaha, maumivu au usikivu uliopungua ni safari ya kwa daktari, mapema, kabla ya dawa ya mtu yeyote. Na mjomba, akija mtu kijiweni kwake kuomba tone la mafuta ya taa kwa ajili ya sikio, hampi. Anamsimulia habari ya harage, kisha anamwitia bajaji.